Kilemba cha Mgahawa

Katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya la zama za ukoloni, nyuma ya amri za gavana na orodha za maofisa waliopandishwa vyeo, palichapishwa matangazo mafupi ambayo msomaji wa leo huyaruka. Tangazo lilitaja jina la mtu, kazi yake, mtaa na kiwanja alipofanyia biashara, kisha jina la mtu wa pili. Biashara ya wa kwanza imeuzwa kwa wa pili kuanzia tarehe fulani. Wa pili ataiendesha palepale, pengine kwa jina lilelile. Madeni ya zamani yatalipwa na fulani, ya baadaye na fulani. Basi. Duka la vitambaa, kinu cha unga na hoteli ndogo ya chai vilipita katika mlango huo mmoja.

Matangazo hayo yalitokana na sheria ya mwaka 1930, ambayo jina lake lilitaja wazi hila katika uhamishaji wa biashara. Nairobi na Mombasa za wakati ule ziliishi kwa mkopo. Mwagizaji alimkopesha mwenye duka la jumla, wa jumla akamkopesha wa rejareja, na mwenye hoteli akakopa unga, sukari, nyama na kuni kwa watu wanne tofauti. Mmoja wao alipozidiwa, njia ya mkato ilikuwa kumuuzia mtu biashara nzima kimyakimya, kuchukua fedha taslimu na kupanda meli ya Bombay. Asubuhi wadai walimkuta mtu mgeni kwenye kaunta, anayeapa kwamba deni si lake. Sheria ikaamua kwamba mnunuzi asiyetangaza atabeba madeni yote ya aliyemtangulia, hata kama wawili hao walikubaliana vingine. Imo vitabuni Kenya mpaka leo, Sura ya 500, ingawa jina lake limepozwa na kuwa Sheria ya Uhamishaji wa Biashara tu.

Anayeyasoma matangazo hayo kwa wingi huona kwamba watu ni wawili tu, muuzaji na mnunuzi. Pengine huwapo jina la wakili aliyeandika. Dalali hayupo.

Na si Nairobi peke yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja, migahawa midogo ya familia katika Afrika Mashariki, kuanzia vyumba vya kahawa vya Unguja mpaka hoteli za River Road jijini Nairobi, imebadilisha wenyewe bila mtu wa kati. Eneo hilihili lina madalali wa nyumba, wa magari, wa ng'ombe na wa samaki. Iweje mgahawa uwapite?

*

Mgahawa wenyewe una historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Katika miji ya pwani mgeni alilishwa nyumbani. Kumuuzia mtu chakula cha kupikwa ilikuwa kazi ya barabarani, ya mwanamke mwenye kikapu cha vitumbua au mchoma mishikaki. Kilichokuwa na pahali pa kukaa ni kahawa. Washihiri, watu wa Hadhramaut waliopewa jina la bandari ya Shihr, walizunguka Mji Mkongwe na Mombasa wakigonganisha vikombe, dele la shaba mkononi na makaa chini yake. Waliopata chumba wakaweka mabenchi, na nyumba ya kahawa ikazaa maneno mawili, mkahawa na mgahawa, ambayo leo yanatumika hata pasipo na tone la kahawa.

Reli ndiyo iliyoongeza njaa. Kati ya 1896 na 1901 vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wengi walirudi kwao, maelfu wakabaki. Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, ilijaa wanaume wasio na wake wa kuwapikia: makarani, mafundi seremala, maaskari, wapagazi. Wanaume wa namna hiyo hula nje. Ndipo neno hoteli likapata maana yake ya Kenya, nyumba ya kula isiyo na kitanda hata kimoja. Hoteli ya Mwarabu, hoteli ya Mhindi, baadaye hoteli ya Mkikuyu na ya Mjaluo; kila moja ilijulikana kwa aliyekaa kwenye kaunta.

Aliyekaa kwenye kaunta hakuwa peke yake. Mshihiri aliyepata nafasi alimwita mpwa kutoka kwao. Mgujarati alimwita mdogo wake. Kijana alilala stoo, akaosha vyombo, akapika, akashika kaunta mzee alipokwenda kuswali, na baada ya miaka akajua kila deni na kila mdeni. Mzee alipochoka, mgahawa haukuwa na haja ya kutafutiwa mtu. Mnunuzi alikuwa jikoni.

*

Dalali ni neno la Kiarabu lenye asili ya kuelekeza, kuonyesha njia. Kazi yake ni kuonyesha na kupaza sauti. Katika masoko ya Unguja na Mombasa alibeba nguo au alisimama kando ya lundo la samaki, akanadi bei kutoka mdomo hadi mdomo mpaka ikakwama kwa mmoja. Dalali wa leo Dar es Salaam humzungusha mpangaji Sinza na Kinondoni, na akipata chumba hudai kodi ya mwezi mmoja. Nyumba huonyeshwa: kuta hizi, choo hiki, mita ya umeme hii.

Mgahawa mdogo una nini cha kuonyesha? Masufuria makubwa ya pilau, masinia, meza zilizotandikwa plastiki, mabenchi, mabirika, jiko la mkaa lililopasuka ukingo, labda friji ya kioo. Vikipelekwa mnadani vyote, fedha yake haitoshi kodi ya miezi michache. Thamani imekaa kwingine. Imo katika pahali penyewe, kando ya stendi, geti la bandari au mlango wa msikiti. Imo kwa mpishi anayejua nazi ngapi ziingie katika mbaazi za asubuhi. Imo kwa mwenye bucha anayeleta nyama alfajiri na kungoja fedha hadi jioni, na kwa wateja ambao miguu yao imezoea njia ile. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kunadiwa.

Tena kupaza sauti huviharibu. Mpishi akisikia kwamba mgahawa unauzwa, anaanza kuulizia kazi mtaa wa pili. Wenye kudai wanafika siku moja, wote, kila mtu na daftari lake. Mwenye nyumba anapandisha pango kabla mgeni hajaingia. Wateja wanasema chakula kimebadilika hata kama anayepika ni yuleyule. Kwa hiyo biashara hii iliuzwa kwa kunong'ona, na hapo ndipo sheria ya 1930 ilipogongana na desturi: serikali ilitaka uuzaji utangazwe ili wadai wajue, wakati uhai wa kitu chenyewe ulitegemea kutojulikana mpaka kimekwisha kuuzwa. Wenye maduka makubwa walitii na kuchapisha. Wenye hoteli ndogo walikuwa na njia ya zamani zaidi ya kumtuliza mdai, nayo ni kumchukua mnunuzi kwa mkono na kumpeleka kwa mwenye bucha, kwa muuza unga, kwa mwenye kuni, na kusema mbele yao nani atalipa nini.

Mnunuzi naye alikuwa na uchunguzi wake, ambao mpaka leo haujapata mshindani. Anakuja kunywa chai. Anakaa pembeni tangu mkate wa kwanza hadi sahani ya mwisho, anahesabu vichwa. Anarudi Jumatatu, anarudi Ijumaa baada ya swala, anarudi tarehe za mwisho wa mwezi mifuko inapokuwa mikavu. Baada ya wiki mbili anajua mapato ya mgahawa kwa usahihi kuliko daftari lolote atakaloonyeshwa. Wakipatana bei, hutoa arbuni, fedha ya kushikia maneno, na salio hulipwa kwa mafungu yanayotoka katika sufuria ileile aliyoinunua.

Ulipaji huo wa mafungu ndio uliowafungia Waafrika nje kwa muda mrefu, na jambo hili linastahili kukumbukwa zaidi ya linavyokumbukwa. Tanganyika ilikuwa na sheria ya mwaka 1931 iliyobana mikopo kwa wenyeji: asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya ofisa hakuweza kumdai mahakamani. Kenya nayo iliweka kikomo cha shilingi 200. Watawala walisema wanamlinda mwenyeji asizame katika madeni. Matokeo yake kwenye kaunta yalikuwa hivi: mpishi Mwafrika aliyefanya kazi miaka kumi na mitano katika hoteli, anayejua kila siri yake, hakuwa mnunuzi anayeweza kuaminiwa kisheria. Muuzaji aliyempa mgahawa kwa mafungu hakuwa na pa kwenda akikosa kulipwa. Mpwa kutoka Shihr au binamu kutoka Porbandar alilipa kwa mafungu hayohayo, chini ya macho ya jamaa zake, na biashara ikabaki ndani ya jamaa kizazi baada ya kizazi. Wengi waliona hali hiyo kuwa ubaguzi wa Wahindi na Waarabu peke yao. Sheria ilikuwa na mkono wake.

*

Sasa neno lenyewe. Bei ya mgahawa Dar es Salaam ilikuwa na sehemu mbili: bei ya vyombo, iliyohesabika, na kilemba, ambacho hakikuhesabika.

Kilemba ni kitambaa cha kichwani, kila Mswahili anajua. Lakini neno hilo lilikuwa na kazi nyingine kabla halijaingia katika maduka. Mwanagenzi aliyehitimu useremala au ushonaji alimpa fundi wake kilemba, heshima ya mwisho iliyomruhusu kusimama peke yake. Bwana harusi alitoa kilemba kwa baba wa bibi harusi. Katika matumizi yote mawili ni fedha ya shukrani anayopewa mtu anayeachia kitu alichokilea.

Bombay kuna neno pagdi, na maana yake ya kwanza ni kilemba cha kichwani pia. Kule pagdi ni fedha anayotoa mpangaji mpya ili aingie katika nyumba au duka la kupanga, nje ya kodi ya mwezi. Ilishamiri baada ya sheria ya 1947 kuzigandisha kodi za jiji hilo katika viwango vya mwaka 1940. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa wakisafiri kati ya Bombay, Unguja na Dar es Salaam kama watu wa mtaa mmoja wanavyotembeleana. Ni vigumu kuamini kwamba pwani mbili za bahari moja ziliita fedha ileile kwa jina la vazi lilelile kwa bahati tu. Pengine walichofanya ni kutafsiri neno lao, na wakalikuta la Kiswahili likiwa limeshakaa tayari, na maana inayokaribiana. Waarabu wana lao pia, khuluw, fedha ya kuachia nafasi.

Kilemba hukua pale kodi inapokaa chini kuliko thamani ya pahali. Tuseme mgahawa umepanga chumba karibu na soko. Sheria inamzuia mwenye nyumba kupandisha kodi. Pahali panazidi kupendwa mwaka hadi mwaka. Pengo kati ya kodi inayolipwa na kodi ambayo watu wangekubali kulipa linakuwa mali. Mali hiyo ni ya nani? Mwenye nyumba anasema yake, kwa kuwa kuta ni zake. Mpangaji anasema yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa. Udhibiti wa kodi ulipoingia katika makoloni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pengo lilifunguka, na sheria za kodi zilipokataza kutoza fedha ya kuingilia, kilemba hakikufa. Kikatoka kwenye karatasi kikaingia katika bahasha. Hiyo nayo ni sababu nyingine ya dalali kutohitajika: fedha isiyotakiwa kuonekana haitaki shahidi anayeishi kwa kusema.

*

Katika Mji Mkongwe wa Unguja na ule wa Mombasa kuna jambo la ziada. Nyumba nyingi ni wakfu. Aliyeziweka aliziondoa sokoni moja kwa moja. Haziuzwi, hazirithiwi, kodi yake inakwenda kwa msikiti, kwa ukoo au kwa maskini kama alivyoagiza. Mgahawa uliomo ndani ya nyumba ya wakfu hauwezi kamwe kuuzwa pamoja na kuta zake. Kinachopita mkononi ni haki ya kukaa, na hiyo hupita kwa ridhaa ya msimamizi wa wakfu.

Halafu kuna mirathi, ambayo imeuza migahawa mingi kuliko umaskini. Mzee akifariki, kwanza hulipwa madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha mafungu: mjane aliye na watoto thumni, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la dada yake. Shamba hugawika kwa kamba. Sufuria ya biriani haigawiki. Warithi saba wenye mafungu yasiyolingana katika hoteli moja ya mtaa wana njia mbili tu, mmoja awalipe wenzake au wote wauze. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa pwani, humpa mshirika haki ya shufaa, yaani kutangulia kununua fungu la mwenzake kabla ya mgeni, lakini katika ardhi na majengo. Vyombo, jina na wateja havimo. Ndiyo maana wazee wenye busara walimaliza mambo wakiwa hai, wakamwandikia yule aliyekuwa akishika kaunta na kuwaridhisha wengine kwa vitu vingine. Wasiofanya hivyo waliwaachia watoto wao kesi kwa kadhi.

Biashara za wanawake hazikupitia hata njia hizo. Mama ntilie, ambaye baadaye alipewa jina la staha la mama lishe, hakuwa na mkataba wa pango wala leseni ya kuhamisha. Alikuwa na mti, mafiga, na wajenzi wanaomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku alipochoka, binti au mdogo wake alisimama pahali pale na mwiko uleule. Hakuna gazeti rasmi lililochapisha.

*

Kisha ukaja uhuru, na kwa miaka kumi hivi migahawa ikauzwa kuliko wakati wowote kabla yake.

Kenya ilitunga mwaka 1965 sheria ambayo hoteli ndogo zimo hata katika jina lake: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Nyumba za Chakula, Sura ya 301. Ililenga kumlinda mfanyabiashara mdogo, hasa Mwafrika aliyekuwa anaanza, asifukuzwe ovyo na mwenye jengo. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, alipata ulinzi. Mwenye nyumba alitakiwa kutoa notisi ya miezi 2 kwa fomu maalumu, na mpangaji akaweza kupinga mbele ya baraza. Hivyo mama wa hoteli ya makuti aliyepanga kwa mdomo tu alilindwa kuliko kampuni yenye mkataba mrefu wenye muhuri. Na ndani ya sheria hiyo kuna kipengele kidogo kizuri: baraza linaweza kumfidia mpangaji anayetolewa kwa hasara ya jina zuri la biashara yake. Kile kisichoshikika, ambacho wenye hoteli walikuwa wakikiuza kwa kunong'ona, kilikuwa kimeandikwa katika sheria ya jamhuri. Wakenya wanakiita gudwili.

Lakini miaka miwili baadaye ikaja sheria nyingine. Wahindi wa Kenya walikuwa wamepewa hadi Desemba 1965 kujiandikisha uraia, na wengi hawakujiandikisha. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotengwa na katika bidhaa zilizotajwa, bila kibali. Mapema 1968 uvumi kwamba Uingereza itafunga mlango ulijaza uwanja wa ndege wa Nairobi. Machi mosi mlango ukafungwa kweli, kwa sheria iliyopitishwa London ndani ya siku chache. Muuzaji aliyekuwa na desturi ya kumngoja mnunuzi kwa miaka sasa alikuwa na majuma.

Hapo ndipo thamani ya kunong'ona ilipoanguka. Kila mtu mtaani alijua nani hana kibali, na anayejua kwamba muuzaji hawezi kungoja hana sababu ya kupandisha bei. Shirika la serikali la ICDC lilitoa mikopo midogo ili Waafrika wanunue biashara hizo. Wako walionunua wasiowahi kushika mwiko, wakauza viti baada ya mwaka. Na wako wapishi na wahudumu waliopata hatimaye kile ambacho sheria za mikopo ziliwanyima baba zao. Kwa hao, muuzaji alikaa mwezi mzima kando ya kaunta, akiwatambulisha kwa wenye bucha, kama alivyotambulishwa yeye na mjomba wake.

Tanzania ilifuata njia yake. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilichukua mabenki na viwanda, likaiacha migahawa. Aprili 1971 ikaja zamu ya majengo. Nyumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ilichukuliwa na serikali, na iliyozidi umri wa miaka 10 mwenyewe hakulipwa fidia. Majumba ya Dar es Salaam yenye maduka chini na familia juu yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwenye mgahawa aliyekuwa mpangaji alibaki mpangaji, akibadilisha tu aliyempelekea kodi. Mwenye mgahawa aliyekuwa ameijenga nyumba mwenyewe na kupangisha ghorofa za juu aliamka akiwa mpangaji katika jengo lake mwenyewe.

Na kodi ya Msajili ilikuwa ndogo. Kwa hiyo pengo lile lilifunguka kuliko wakati wa vita, na kilemba kikapanda. Familia zilizohamia Kanada au Uingereza hazikuwa na jengo la kuuza tena. Zilikuwa na nafasi, chumba cha Msajili chenye kodi ya chini katikati ya mji, na hicho ndicho walichopokelea fedha, kwa siri, kutoka kwa watu waliowajua. Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, na kodi za shirika zilipoanza kulifuata soko, pengo likafumbwa na kilemba cha zamani kikapoteza chakula chake.

Uganda hapakuwa na kuuziana. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wasio raia wana siku 90, na hata raia wengi wakaondoka. Mgahawa wa Kampala au Jinja uliokuwa na mpwa jikoni na bei akilini mwa mzee uligawiwa kama ngawira kwa mtu aliyepewa karatasi. Aliyeupokea alipata masufuria, meza na ufunguo. Hakukaa mtu pembeni mwezi mzima kumwambia mwenye bucha ni nani na nazi ni ngapi.

*

Sehemu moja ya mgahawa haikuweza kuchukuliwa na serikali yoyote, kwa kuwa ilisafiri ndani ya vichwa. Familia ya Anand ilikuwa na Brilliant Hotel Nairobi katika miaka ya 1950. Mwaka 1975 watoto wake walifungua mgahawa Southall, magharibi mwa London, wakauita Brilliant. Wateja wao wa kwanza hawakuhitaji kuelezwa. Wengi wao walikuwa wamekula kwa mzee wa familia hiyo Kenya.

Mwaka uliofuata, 1976, familia ya Maru ilifungua Maru's Bhajia House katika Ealing Road, Wembley. Nairobi walijulikana kwa kitu kimoja: viazi vilivyokatwa vipande vyembamba, vikapakwa unga wa dengu wenye dania na pilipili, vikakaangwa, vikaliwa na achari ya ukwaju. Jina walikwenda nalo.

Nairobi kwenyewe namna za kuuziana zimebadilika. Mnunuzi wa hoteli leo anaweza kuomba taarifa za namba ya malipo ya M-Pesa za mwaka mzima, na kuona kwa dakika chache kile ambacho zamani alikihesabu kwa vikombe vya chai, ingawa wanunuzi makini wanakuja kunywa chai vilevile. Gudwili nayo imehama: katika majengo mapya ya biashara ya Eastleigh hulipwa kwa mwenye jengo kabla hata sahani ya kwanza haijauzwa, badala ya kulipwa kwa aliyepika pale miaka ishirini. Hilo linampunja mwenye mgahawa mdogo. Fedha iliyokuwa shukrani kwa anayeachia kazi imekuwa ada ya kupita mlangoni, na anayeondoka anaondoka na masufuria yake tu.

Viazi vile havikuondoka. Hoteli za mjini, vibanda vya Diamond Plaza na wakaangaji wa barabarani wanaandika kwenye ubao, kila mmoja kwa tahajia yake: bajia za Maru. Hawakununua kitu kwa familia hiyo, na hawakutoa kilemba. Mteja akiuliza Maru ni nani, wengi hujibu kwamba ni jina la viazi.